Besimenti inanuka uvundo na madirisha yako wazi: ufanye nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka jana tulinunua nyumba hapa Columbus, Ohio, iliyojengwa 1962. Ina besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, ya kama mita 80 za mraba, kuta za matofali ya saruji yale yenye matundu ndani, sakafu ya zege na kapeti juu yake. Tangu Mei kuna harufu ya uvundo isiyoisha. Nimekulia Tanga, na nimezoea chumba kikinuka unafungua madirisha hewa ipite. Basi kila asubuhi nafungua vidirisha vyote vinne na feni inazunguka, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Chini ya ukuta wa nyuma kumetoka unga mweupe, kapeti ya pembeni imelowa, maboksi ya nguo yameota ukungu. Mtu wa kampuni moja alikuja akasema tuchimbe nje kuzunguka nyumba nzima, mwingine akasema tupake rangi ya kuzuia maji. Mwanetu wa miaka 15 anataka kuhamia huko chini. Tuanze na lipi?

JIBU: Dada, kabla hujamaliza kusoma, shuka ukafunge hivyo vidirisha vinne na uzime feni. Sehemu kubwa ya unyevu unaopambana nao inaingilia hapo.

Najua hili linapingana na malezi. Tanga ukifungua dirisha unafanya vizuri, kwa sababu kuta za nyumba ya Tanga zina joto linalokaribiana na la hewa ya nje. Upepo ukipita unachukua mvuke wa jikoni na jasho la watu, unatoka nao. Besimenti imezikwa. Udongo unaoizunguka umetoka kwenye majira ya baridi, na mpaka Juni kuta na sakafu bado ziko kwenye nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, wakati hewa ya nje imefika 29 na imejaa mvuke. Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani mchana wa kaskazi: dakika mbili tu inatiririka maji kwa nje, na hakuna aliyeimwagia. Ukuta wako ndiyo chupa hiyo, na kila asubuhi unauletea hewa mpya ya kuutoa jasho.

Hesabu yake si ngumu. Hewa yenye nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 65, yaani siku ya kawaida ya Julai, hubeba gramu 18 au 19 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 17 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14 na nusu. Gramu nne zilizobaki lazima zitue mahali, nazo zinatua ukutani, kwenye kapeti na kwenye maboksi. Besimenti yako, ikiwa na kimo cha mita 2.2, ina mita za ujazo 176, kwa hiyo kila hewa yote inapobadilika inaweza kukuachia karibu robo tatu ya lita. Madirisha yakiwa wazi na feni inavuma, hewa inaweza kubadilika mara moja kila saa. Hata ikitua nusu tu ya maji hayo, ni sawa na kuimwagia kapeti lita nane kila siku.

Kipimo cha kukuongoza ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke uliomo hewani huanza kugeuka maji. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu hukionyesha. Kikiwa nyuzi 13 au chini (55 za Farenhaiti, ndizo simu za huko hutumia), fungua madirisha bila wasiwasi. Kikizidi hapo, funga. Kwa Columbus hiyo ni takriban Oktoba hadi Aprili, na siku chache za ubaridi katikati. Wakati wa baridi kali usiache wazi kwa muda mrefu pia, maana mabomba ya maji yaliyo karibu na dirisha yanaweza kuganda na kupasuka.

Kufunga madirisha kutapunguza tatizo lakini hakutalimaliza, kwa sababu ule unga mweupe unaeleza habari nyingine. Unga huo ni chumvi za ndani ya saruji. Maji ya udongo yanapenya kwenye tofali, yanayeyusha chumvi, yanafika upande wa ndani, yanakauka na kuiacha juu. Jasho la hewa peke yake halifanyi hivyo. Kwa hiyo una maji ya aina mbili, ya hewani na ya ardhini, na dawa zake ni tofauti. Wale watu wawili waliokuja walikupa tiba kabla hawajauliza maji yanatoka wapi. Usilipe senti kwa yeyote mpaka umepima mwenyewe.

Kata vipande vinne vya nailoni nzito inayoonyesha, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Viwili vibandike ukutani, kimoja ukuta wa nyuma karibu na unga na kingine ukuta wa mbele. Viwili viweke sakafuni baada ya kufunua kapeti. Kwanza futa vumbi na upapanguse pakauke, kisha ziba pande zote nne kwa selotepu pana ya mafundi, hewa isipite hata kidogo. Acha siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, au ukuta umekoza rangi hapo, maji yanatoka ardhini. Ukikuta matone kwa nje, upande wa chumba, hayo ni ya hewani. Ukikuta pande zote mbili usishangae. Andika tarehe na matokeo kwa kila kipande, kisha rudia siku moja baada ya mvua kubwa, kwa sababu ukuta mkavu wakati wa jua unaweza kuvuja kabisa baada ya radi.

Nunua pia kipimo cha unyevu cha kidijitali, kile kidogo cha kuweka mezani. Vingi hudanganya kwa asilimia tano au zaidi, kwa hiyo kijaribu kwa chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, uache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hukaa asilimia 75. Kipimo kikionyesha 70, jua kinapunguza tano, uziongeze kila unapokisoma.

Sasa toka nje. Nyumba nyingi zenye maji kwenye besimenti zinaponea juu ya paa na kwenye uwanja, kabla jembe halijagusa msingi. Chukua paa la mita 100 za mraba: mvua ya milimita 25 inaliteremshia lita 2,500. Maji yote hayo yanashuka kwenye mabomba mawili matatu, na bomba likiyamwaga mguuni mwa ukuta, unaumwagilia msingi wako kama shamba. Gata, yaani mifereji ya kukusanya mvua ukingoni mwa paa, ziwe safi majani yanapoanza kupukutika na tena yakiisha. Ziwe na mteremko wa kama milimita 6 kwa kila mita 3 kuelekea kwenye bomba la kushusha. Gata ndefu kuliko mita 12 inahitaji bomba zaidi ya moja, la sivyo mvua ya radi inafurika katikati na kudondoka palepale ukutani. Panda ngazi mvua ikinyesha kidogo, au simama chini na mwavuli mvua ikiwa kubwa, uangalie. Gata nzuri na mbovu hufanana siku ya jua.

Kila bomba la kushusha liongezee kipande cha kupeleka maji mita 2 hadi 3 mbali na nyumba. Zile sahani fupi za plastiki zinazowekwa chini ya bomba hazitoshi. Nyumba za umri wa yako mara nyingi bomba huingia ardhini kwenye mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma, na hapo ndipo pa kutilia shaka zaidi. Mengi yamepasuka au yamejaa mizizi, na mwenye nyumba anaamini maji yanakwenda barabarani kumbe yanamwagika sentimita 30 kutoka ukuta wake. Jaribu hivi: ingiza mpira wa bustani kwenye bomba, fungua maji kwa nguvu nusu saa. Maji yakipanda na kufurika juu, au ukuta wa ndani ukianza kulowa, bomba hilo limekufa. Likate juu ya ardhi, liwekee kiwiko na kipande cha mita 3, uzibe tundu la chini. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja na gharama yake ni ndogo, na mara nyingi ukuta wa nyuma unaanza kukauka kwa kazi hiyo peke yake.

Baada ya gata, udongo. Msingi ulipojengwa walichimba shimo pana kuliko nyumba, wakajenga, wakafukia. Udongo wa kufukia hauwi mgumu kama ule ambao haukuguswa. Kwa miaka sitini umekuwa ukititia, na sasa karibu na ukuta kuna bonde ambalo macho hayalioni kwa sababu ya majani. Chukua ubao ulionyooka wa mita 3 na pima maji ya fundi. Uso wa ardhi unatakiwa kushuka sentimita 15 ndani ya hizo mita 3 za kwanza. Usipofika hapo, ongeza udongo wa mfinyanzi, uushindilie kwa tabaka za sentimita 10, ndipo uweke udongo mzuri juu yake kwa ajili ya nyasi. Usijaze mchanga wala magome ya miti ya kupambia bustani, maana maji yanapita humo na kufuata ule mteremko wa zamani chini yake. Acha pia sentimita 15 au zaidi za ukuta wa msingi zikionekana kati ya udongo na mbao za nyumba, mchwa wasipate daraja na mbao zisioze. Bustani ya maua iliyozungushiwa ukingo kandokando ya ukuta ni bwawa dogo. Kama unayo upande wa nyuma, bomoa ukingo.

Angalia na yale machimbo ya nje, yaani vishimo vinavyozunguka vidirisha vilivyo chini ya usawa wa ardhi. Chini yawe na kokoto, si matope na majani, na juu yafunike kwa kifuniko cha plastiki kinachoonyesha. Kama unga mweupe au michirizi imeanzia chini ya dirisha, chanzo umekipata.

Rangi ya kuzuia maji kwa upande wa ndani, nakushauri uiache kwa sasa. Maji yamo ndani ya matundu ya tofali na yanasukuma kuja kwako. Rangi inayashika muda mfupi, kisha chumvi zinakusanyika nyuma yake na kuibandua kwa mapande, na tofali linabaki na maji mengi kuliko mwanzo. Rangi ya namna hiyo ina maana juu ya ukuta ambao tayari umekauka, kwa kuzuia mvuke kidogo uliobaki. Nyufa zinazopitisha maji ni jambo jingine. Unaweza kuzichonga kwa patasi ziwe pana zaidi kwa ndani kuliko kwa nje, ukazisafisha kwa brashi ya waya, ukazilowesha, ukajaza saruji inayokaza haraka. Saruji hiyo hukaza ndani ya dakika tatu hadi tano, kwa hiyo changanya kiasi cha kujaza kiganja kimoja tu kwa wakati. Ila ukuta wa matofali ukiuzibia ufa mmoja, maji ya kwenye matundu hutafuta mwingine. Kuziba nyufa hakufanyi kazi ya gata. Na kama kuna ufa unaokwenda kwa mlalo katikati ya ukuta, na ukuta umevimba kuingia ndani, mwite mhandisi wa majengo asiyeuza huduma ya kukausha besimenti. Hapo udongo unausukuma ukuta, na suala si unyevu tena.

Fanya hayo ya nje, kisha usubiri mvua kubwa tatu. Maji yakiendelea kuchuruzika pale ukuta unapokutana na sakafu, maji ya ardhini yenyewe yamepanda na hakuna gata itakayoyashusha. Hapo ndipo unaanza kufikiria mfereji wa ndani. Zege la sakafu hukatwa kandokando ya ukuta, bomba lenye matobo hulazwa kwenye kokoto, tofali za mstari wa chini hutobolewa ili matundu yatoe maji, na yote huelekezwa kwenye shimo lenye pampu. Kuchimba nje nyumba nzima ni kazi nzuri ikifanywa sawasawa, ila ndiyo ghali kuliko zote, na inaharibu ngazi, bustani na njia ya gari. Kwa dalili ulizotaja sioni sababu ya kuanzia huko.

Ukifikia pampu, shimo liwe la kipenyo cha sentimita 45 na kina cha 60, na pampu ya theluthi moja ya nguvu ya farasi inawatosha wengi. Iwekewe valvu ya kuzuia maji yasirudi, na tundu dogo la milimita 3 litobolewe kwenye bomba chini ya valvu ili hewa isiinase pampu. Bomba litoe maji mbali na msingi. Usiliunganishe na mfumo wa majitaka, miji mingi ya Marekani inakataza. Pampu nyingi hazifi kwa uzee. Boya linakwama ukutani mwa shimo, au bomba la nje linaganda Januari, au umeme unakatika usiku wa radi ileile iliyoleta mvua. Ndiyo maana betri ya akiba inafaa kununuliwa pamoja na pampu. Kila miezi mitatu mimina ndoo ya lita 20 shimoni uone kama inawaka na kuzima yenyewe.

Tuje kwenye mashine ya kukausha hewa, ambayo utaihitaji hata kama ukuta utapona kabisa, kwa sababu hewa ya majira ya joto itaendelea kupenya kupitia mianya. Kwa eneo lako lenye unyevu mwingi chagua ya painti 50 kwa siku, yaani lita 24 hivi. Hapa pana mtego wa soko. Mwaka 2019 Marekani ilibadilisha namna ya kuzipima: zamani zilijaribiwa kwenye nyuzi 27, sasa ni nyuzi 18, joto la besimenti halisi. Mashine mpya ya painti 50 inakaribia sawa na ya zamani iliyoandikwa 70. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya mtumba ya 50, uliza ni ya mwaka gani.

Iweke katikati, mbali na ukuta kwa nusu mita, uielekeze kwenye unyevu wa asilimia 50. Usitegemee lile tangi lake dogo. Likijaa mashine inazima, na wewe uko kazini. Unganisha mpira kwenye tundu la nyuma uupeleke kwenye mfereji wa sakafuni, ukiteremka njia nzima bila kupanda hata mahali pamoja. Ukienda hapo, mwaga na lita mbili za maji ndani ya mfereji wenyewe, kwa sababu kiwiko chake kikikauka hewa ya majitaka inapanda, na watu wengi wametafuta ukungu miezi mingi kumbe harufu ilikuwa hiyo. Chujio lioshwe kila wiki mbili au tatu. Wiki ya kwanza itafanya kazi bila kupumzika, pengine hata ya tatu, kwa sababu matofali na zege vinarudisha maji yaliyonywewa kwa miaka. Haimaanishi ni mbovu. Lakini kama baada ya mwezi, madirisha yakiwa yamefungwa, bado haijashuka chini ya 60, kuna maji yanaingia ambayo hujayaona. Shirika la Marekani la ulinzi wa mazingira, EPA, linashauri unyevu wa ndani ukae chini ya asilimia 60, na vizuri zaidi kati ya 30 na 50.

Ili mashine isikaushe hewa ya mtaa mzima, ziba mianya. Mkubwa kuliko yote uko juu, pale mbao za sakafu ya nyumba zinapokalia ukuta wa msingi. Kata vipande vya ubao wa povu gumu wa sentimita 5, kimoja kwa kila nafasi kati ya mbao na mbao, vipachike na uzungushie povu la kopo kingo zote. Kama matofali ya juu yana matundu wazi, yazibe vilevile. Kazi hii inasaidia na majira ya baridi: hewa ya moto inapanda na kutokea juu ya nyumba, na nafasi yake inavutwa kutoka besimenti. Ndiyo sababu harufu ya chini huisikia chumbani kwako ghorofani.

Unauliza, basi hewa ya kupumua itatoka wapi? Kwenye besimenti hewa chafu hutolewa pale inapozaliwa. Bafu liwe na feni ya kutoa hewa hadi nje, si kwenye dari. Mashine ya kukaushia nguo itoe hewa yake nje kwa bomba la bati la sentimita 10, si lile la foili laini linalokunjika na kukusanya nyuzi zinazoweza kushika moto. Na usianike nguo huko chini. Fua moja iliyokamuliwa ina lita moja au mbili za maji bado, na zote zinaingia hewani.

Kuna jambo usilifanye kabla ya kupima: kufunga feni kubwa ya kunyonya hewa kutoka besimenti. Kama tangi lako la maji ya moto linatumia gesi na moshi wake unapanda wenyewe kwenye dohani ya chuma, feni inaweza kuuvuta ule moshi urudi chini, na ndani yake mna kaboni monoksidi, hewa inayoua bila harufu. Jaribu hivi. Funga madirisha na milango ya nje. Washa feni zote za nyumba, ya jikoni, za mabafu na mashine ya kukaushia nguo. Fungulia maji ya moto mpaka gesi iwake, subiri dakika tano. Washa kijiti cha udi, ukishike karibu na ule mwavuli wa bati juu ya tangi. Moshi wa udi ukinyonywa ndani ya dohani, ni salama. Ukisukumwa usoni kwako, zima feni, fungua mlango, zima tangi, na usiliwashe tena mpaka fundi wa gesi aje. Kila ghorofa iwe na king'ora cha kaboni monoksidi, besimenti ikiwemo.

Ukiwa bado na vipimo mkononi, pima redoni. Ni gesi ya mionzi inayotoka ardhini, haionekani wala hainuki, na kwa Marekani EPA inaitaja kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Eneo la Columbus limo kwenye kundi la juu la hatari katika ramani ya EPA. Kifaa cha kupimia chenye makaa huwekwa siku mbili hadi saba nyumba ikiwa imefungwa, kisha hutumwa maabara. Yakirudi matokeo ya pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 4 kwa lita au zaidi, hufungwa bomba linalonyonya hewa kutoka chini ya zege na kuitoa juu ya paa. Bomba hilo mara nyingi hupunguza na unyevu wa sakafu. Kijana wako anataka kulala huko kila usiku, kwa hiyo usiliache hili kwa ajili ya mwaka ujao.

Kapeti iliyolowa itoe leo, pamoja na sponji yake. Haifuliki ikapona. Kitu kilicholowa kikikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kukauka kinaota ukungu, na kapeti juu ya zege baridi huloweka kutoka chini hata usipomwaga kitu. Maboksi ya karatasi badilisha kwa madebe ya plastiki yenye vifuniko, yakae juu ya vichanja, sentimita 10 mbali na ukuta. Nguo za pamba zinafulika kwa maji ya moto. Ukungu wa ukutani ukiwa chini ya mita moja ya mraba, usafishe mwenyewe kwa sabuni, maji na brashi, ukiwa na glavu, miwani na barakoa ya N95. Usichanganye dawa ya klorini na kitu chenye amonia, mvuke wake ni sumu. Ubao wa jipsamu ulioota ukungu haufutiki, unakatwa sentimita 30 kupita pale doa linapoishia.

Kuhusu chumba cha kijana: asubiri mpaka kipimo chako kisome 50 au chini ya hapo mfululizo, ikiwemo mwezi mmoja wa majira ya joto, na vipande vya nailoni vikae vikavu baada ya mvua kubwa. Mkijenga kuta za chumba, msiweke sufi ya vioo na nailoni moja kwa moja kwenye tofali. Hewa ya chumba hupenya, ikagusa ukuta baridi nyuma, na sufi inaoza mahali usipoona. Bandikeni mbao za povu gumu za sentimita 5 kwenye ukuta, zibeni maungio kwa tepu, ndipo msimamishe fremu na jipsamu ya milimita 12.7 mbele yake, ambayo pia ndiyo kinga ya moto ambayo povu haliruhusiwi kukosa. Sakafu wekeni vigae au rangi ya zege, na busati dogo la kukunja.

Na vile vidirisha vinne vidogo havitoshi kwa mtu kulala. Chumba cha kulala cha besimenti kinatakiwa kuwa na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukiwaka: nafasi wazi ya mita 0.53 za mraba, kimo kisichopungua sentimita 61, upana usiopungua sentimita 51, na kizingiti kisichozidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Ukuta wa matofali ukikatwa unahitaji boriti juu ya dirisha, kwa hiyo ombeni kibali cha ujenzi. Mwambieni fundi achimbe chimbo la nje mpaka chini ya kizingiti, alijaze kokoto, na aliunganishe kwa bomba na mfereji wa msingi au shimo la pampu. Dirisha kubwa lenye chimbo lisilo na pa kutolea maji litajaa kama tangi mvua ya radi ya kwanza, na maji yataingilia hapo.